Sikio Huuma Ndege Ikishuka, Jiandae Kabla Haijaanza Kushuka

Peremende unayoanza kuimung'unya ndege ikiwa bado chini huwa imekwisha mdomoni muda mrefu kabla sikio halijaihitaji. Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki kwangu na sikio lililoziba tangu walipotua hunieleza jambo lilelile: walitafuna wakati wa kupaa, wakaona mambo shwari, wakalala, kisha wakaamshwa na maumivu uwanja ukiwa karibu kabisa. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo katika mji wa pwani. Naandika haya kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu hayo inazuilika, lakini kwa mtu aliyeanza mapema.

Tuangalie sikio lenyewe kwanza. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, sikio la kati. Njia pekee ya kuingiza hewa humo ni mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, juu kidogo ya kaakaa laini. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 3.5 hivi. Unaitwa mrija wa Eustachio, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa anatomia wa Italia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huu umefumba. Ukimeza au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa huuvuta ukafunguka kwa kitambo kidogo, hewa ikapita, ukafumba tena. Kale kamlio unakokasikia ndani ya sikio ukimeza mate ndiko kufunguka kwenyewe.

Sasa panda ndege. Kabini ya ndege kubwa za abiria hujazwa hewa, lakini haifikishwi kwenye mgandamizo wa usawa wa bahari. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa sawa na ya mlimani, futi 6,000 hadi 8,000. Kwenye futi 8,000 mgandamizo ni kama milimita 565 za zebaki, na usawa wa bahari ni 760. Wakati wa kupaa, hewa iliyomo sikioni hutanuka na kujitolea yenyewe kupitia mrijani. Hata aliyelala hutokwa nayo bila kujua. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ndege ikishuka, mgandamizo wa kabini unapanda, ngoma ya sikio inasukumwa kwa ndani, na hewa mpya lazima iingie kutokea nyuma ya pua. Kwa upande huo mrija haufunguki wenyewe. Mdomo wake ni wa nyama laini, nao hubanwa kama mrija wa juisi ya boksi unaounyonya kwa nguvu mpaka kuta zake zikagandana. Tofauti ya mgandamizo ikifika karibu milimita 90, misuli ya kaakaa haina tena ubavu wa kuufungua, umeze utakavyomeza. Ndipo unapomwona mtu anatafuna, anapiga miayo, anabana pua, na bado anaugulia. Anafanya yote sawasawa, ila amechelewa dakika 10 au 15.

Maumivu haya ni ya zamani kuliko ndege. Tarehe 1 Desemba 1783 Mfaransa Jacques Charles alipaa Paris kwa puto la haidrojeni. Baada ya kutua na mwenzake kushuka, puto likawa jepesi likamrusha peke yake hadi kama mita 3,000, na akaeleza maumivu makali ya sikio la kulia. Mwili wetu haujabadilika tangu siku hiyo.

Hesabu hizo zinaeleza jambo ambalo wasafiri wa huku kwetu wanaliona kila mara. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama milimita 625. Kutoka 565 ya kabini hadi 625 ni tofauti ya 60, bado chini ya ile 90 ya kufunga mrija. Addis Ababa, kwenye mita 2,334, karibu hakuna tofauti yoyote, na wengi hutua pale bila kusikia kitu. Lakini Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ni usawa wa bahari: tofauti inaweza kufika 195, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho mrija usiofunguliwa mapema unajifunga. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa ndiye ninayemhofia zaidi. Wakati wa kupaa hasikii chochote kwa kuwa alianzia juu, safari yenyewe ni kama saa moja, na ndege huanza kushuka yeye akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Hali ni hiyohiyo kwa wanaoteremka kutoka Kigali, Mwanza au Lubumbashi kuja pwani. Ukitoka bara kuja baharini, hesabu kwamba kazi yote ya masikio iko mwishoni.

Kwa hiyo, rubani au mhudumu akitangaza kwamba ndege inaanza kushuka, kwa kawaida nusu saa hivi kabla ya kutua, uwe macho. Kama unajua utasinzia, mwombe jirani yako akuamshe. Kuanzia hapo meza kila baada ya muda mfupi, ukiwa na maji ya kunywa kidogo kidogo, peremende au ubani wa kutafuna, na usisubiri sikio likuambie. Ukianza kuhisi uzito, bana pua kwa vidole, funga mdomo, umeze mate. Njia hii ya Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa Uingereza wa karne ya 19, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haina nguvu ya kuumiza. Ikishindikana, bana pua, funga mdomo, kisha sukuma pumzi taratibu kuelekea puani mpaka usikie masikio yamefunguka, sekunde chache tu. Hiyo ni ya Antonio Maria Valsalva, naye alikuwa daktari wa Italia. Taratibu! Nimeona watu wanasukuma mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nguvu hiyo inaweza kuchana utando mwembamba wa sikio la ndani, na madhara yake ni makubwa kuliko maumivu uliyokuwa unayakimbia. Ukiwa na makamasi mazito ya njano au kijani, usisukume kabisa, maana utayapeleka sikioni.

Wasafiri waliofunga huniuliza kuhusu ubani. Huwaambia kwamba kumeza mate yako mwenyewe hakubatilishi saumu, na mrija unafunguliwa na kule kumeza. Ubani kazi yake ni kuleta mate tu. Bana pua, meza, pumzika, rudia. Dawa ya puani ni suala la kumuuliza sheikh wako kabla ya safari.

Yote hayo yanadhani kwamba pua yako ni nzima. Ukiwa na mafua, mdomo wa mrija umevimba, na kumeza peke yake hakutoshi. Kosa ninaloliona sana ni watu kutibu sikio, kwa matone ya sikio, mafuta ya uvuguvugu, hata kitunguu saumu. Vyote hivyo vinaishia upande wa nje wa ngoma, wakati shida iko upande wa pili, nyuma ya pua. Dawa iwekwe puani. Duka la dawa litakupa matone au dawa ya kupuliza yenye xylometazoline au oxymetazoline. Kwa safari fupi ya ndani, weka ukisubiri kuingia ndegeni. Kwa safari ndefu, weka kama saa moja kabla ya kutua, ili ndege inapoanza kushuka dawa iwe imeshafanya kazi. Puliza mara moja kila tundu, subiri dakika tano, puliza tena. Ya kwanza inafungua njia ya mbele na ya pili inafika nyuma, kwenye mrija. Usiitumie zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo. Ukizidisha, pua inaizoea na kuziba kila dawa inapoisha nguvu. Wapo wagonjwa wangu ambao hawalali bila chupa hiyo chini ya mto. Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au presha ya macho, mjamzito, na mzazi wa mtoto mdogo waulize daktari kwanza. Vidonge vya pseudoephedrine navyo husaidia watu wazima, lakini hupandisha presha na mapigo ya moyo, na nchi kadhaa huvidhibiti vikali hata mizigoni, kwa hiyo mimi huanzia kwenye dawa ya puani. Mwenye mzio wa vumbi au ukungu anahitaji dawa ya kupuliza yenye steroidi, nayo huanzwa siku kadhaa kabla ya safari. Kuianza uwanjani hakusaidii.

Kundi moja ninalifikiria kila mwaka: mahujaji. Mkusanyiko ule huambukiza mafua na kikohozi kwa wingi, na wengi hupanda ndege Jeddah au Madina wakiwa bado wanapiga chafya, wamechoka, wana usingizi, na wanakwenda kutua usawa wa bahari. Wengi ni wazee, na wengi wao wanatumia dawa za presha. Ukimwandalia mzazi wako begi la hija, mpeleke kwa daktari wake kabla hajaondoka, akuambie dawa gani ya puani inamfaa, na umwekee begini pamoja na maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kuhusu watoto nina maneno zaidi, kwa kuwa hawawezi kujieleza. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, na mara nyingi nyama za pua zimeuzunguka. Akina mama hunyonyesha wakati wa kupaa, mtoto akashiba akalala, na wakati wa kushuka hana hamu tena ya kunyonya. Mama yangu, akiba ya titi au chupa iwe ya mwisho wa safari. Mwamshe ndege inapoanza kushuka hata kama unamwonea huruma, mwinue kichwa kiwe juu, umnyonyeshe. Mkubwa kidogo mpe maji kwa mrija. Peremende ngumu si za mtoto aliye chini ya miaka minne, zinaweza kumkaba. Na akilia, usione aibu mbele ya abiria wenzako. Kilio kinafungua mirija, anajisaidia mwenyewe. Mtoto aliyewekewa vijibomba kwenye ngoma ya sikio, kinyume na wazazi wanavyohofia, husafiri kwa raha kuliko wenzake, kwa sababu hewa inapita moja kwa moja.

Sainasi ni ndugu wa tatizo hili, ila hazina misuli ya kuzifungua. Ni mapango ya hewa kwenye paji la uso, mashavuni na kati ya macho, kila moja likiwa na tundu dogo linaloingia puani. Tundu likizibwa na uvimbe, ndege ikishuka utahisi kama msumari unapigwa juu ya jicho, na pengine damu kidogo itoke puani. Pango la shavu likibanwa, meno ya juu ndiyo yanauma, na watu huenda kwa daktari wa meno bila sababu. Hapa kumeza hakufui dafu. Kinachosaidia ni ile dawa ya puani iliyowekwa kwa wakati, kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na dawa ya maumivu uliyozoea, kama parasetamoli. Ikiwa yanakurudia kila safari, njoo tuangalie ndani ya pua: huenda kuna uvimbe wa nyama au ukuta uliopinda, na hayo yana tiba. Mwenye sainasi zilizowaka, homa na maumivu ya uso akiwa bado ardhini, ninamshauri aahirishe safari.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazokwenda Zanzibar na viwanja vya mbugani, hazijazwi hewa ya mgandamizo. Sikio linapokea kimo halisi cha ndege. Faida ni kwamba rubani yuko karibu: mwambie mapema una mafua, na ukiumwa mwambie tena, mara nyingi anaweza kushuka polepole zaidi.

Na ukitua sikio likiwa bado limeziba? Mengi hufunguka ndani ya saa chache au siku chache. Endelea kumeza ukiwa umebana pua, tumia dawa ya puani ndani ya siku zile zinazoruhusiwa, usiingize pamba wala kijiti, na usipande ndege nyingine wala kupiga mbizi mpaka lifunguke. Likizidi wiki moja, au ukisikia maji yanacheza ndani, nenda ukaangaliwe. Damu au majimaji yakitoka sikioni, huenda ngoma imetoboka. Nyingi hujiziba zenyewe kwa wiki kadhaa, lakini lazima sikio likae kavu, kwa hiyo usioge kichwa bila kuliziba kwa pamba iliyopakwa vaselini. Ila usikivu ukipotea ghafla, au ukipata kizunguzungu cha dunia kuzunguka, au mlio mkali usiokoma, hilo linaweza kuwa sikio la ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, na uwaambie umetoka kwenye ndege.