Mistari na drafti huvaliwa pamoja

Ukishona suti Kariakoo, huenda fundi akakuonya: shati la mistari halivaliwi na koti la drafti. Si kweli. Kinachochosha macho ni michoro ya ukubwa mmoja kugombania nafasi. Mistari myembamba ya shati ikikutana na drafti pana za koti, kila mchoro unaonekana. Edward VIII wa Uingereza, aliyeachia ufalme mwaka 1936, alisifika kwa kuchanganya hivyo.

Mguso wa kitambaa nao una kazi, na hapa ndipo napapenda zaidi: koti la kitani, linalofaa joto la Dar, hupendeza na tai ya hariri iliyofumwa, isiyong'aa. Kabla hujakata kitambaa, kiweke juu ya shati, rudi nyuma hatua tatu, utazame.