Mwanamichezo mwenye utata kwenye tangazo: kelele si mauzo

Chapa kubwa ikimweka kwenye bango mwanamichezo anayezua ubishi, wengi huuliza kama watu watakasirika. Watakasirika, hilo halina mjadala. Mimi huanza kwingine: ubishi wenyewe unagusa ahadi gani ya bidhaa? Jibu la hapo ndilo linaloonyesha mdhamini yupi atabaki na yupi atatoka mbio.

Chukua sakata la mcheza gofu Tiger Woods. Mwishoni mwa 2009, habari za uhusiano wake nje ya ndoa zilipolipuka, wadhamini walipishana njia. Accenture, kampuni ya ushauri wa biashara, ilimwacha Desemba ile ile; AT&T nayo ikajitoa, na mapema 2010 Gatorade ikafuata. Nike ilibaki. Wako walioiita Nike kampuni isiyo na haya, lakini hesabu zake zilikuwa tofauti na za wenzake. Accenture haikuuza hata fimbo moja ya gofu. Iliuza busara na uamuzi makini, na kaulimbiu yake ilidai inajua kinachohitajika ili mtu awe Tiger. Jina lile lilipogeuka mzaha, kampeni nzima ilikosa pa kusimamia. Nike iliuza vifaa na mavazi ya gofu, na mikono ya Woods haikuwa imepoteza ustadi wake.

Kwa mwendesha baiskeli Lance Armstrong mambo yalikuwa kinyume. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli la Marekani, USADA, lilitoa ripoti yake tarehe 10 Oktoba 2012. Wiki moja baadaye, tarehe 17, Nike ile ile ilimtema. Udanganyifu mchezoni unaharibu ushindi wenyewe, na ushindi ndio uliokuwa ukiuzwa. Hapo hakuna ujanja wa matangazo utakaokuokoa.

Msimamo wa kisiasa ni mnyama mwingine kabisa, maana hauwaudhi wateja wote kwa pamoja, unawagawa. Colin Kaepernick, kwotabeki (mwongoza mashambulizi) wa timu ya futiboli ya Marekani ya San Francisco 49ers, alianza mwaka 2016 kukaa, kisha kupiga goti, wimbo wa taifa ulipopigwa, akipinga ukatili wa polisi na ubaguzi dhidi ya watu weusi. Tangu Machi 2017 hakuwa na timu. Nike ilikuwa na mkataba naye tangu 2011, na wakati huohuo ilikuwa mtengenezaji wa jezi za NFL, ligi ya mchezo huo, mkataba uliokuwa umeongezwa Machi 2018 hadi 2028. Yaani ilikuwa ikila meza moja na pande zote mbili za ugomvi.

Tarehe 3 Septemba 2018, katika kuadhimisha miaka 30 ya kaulimbiu ya Nike ya Just Do It, ilitoka picha ya uso wa Kaepernick kwa rangi nyeusi na nyeupe, na maneno mafupi: amini jambo fulani, hata ikibidi upoteze kila kitu. Watu walichoma viatu mbele ya kamera. Wengine walichukua mkasi wakakata alama ya Nike kwenye soksi. Rais Trump naye akaishambulia kampuni. Soko la hisa lilipofunguliwa kesho yake, hisa zilishuka kwa takriban asilimia 3. Kabla ya katikati ya Septemba zilikuwa zimerudi na kuvuka kiwango cha juu kabisa zilichowahi kufikia.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Edison Trends, kampuni inayofuatilia ununuzi wa mtandaoni, ilionyesha kuwa oda za Nike za mtandaoni ziliongezeka kwa asilimia 31 kuanzia Jumapili hadi Jumanne, na takwimu hiyo ikazunguka dunia nzima kama ushahidi wa ushindi. Lakini ile ilikuwa wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, na mwaka uliotangulia, siku hizo hizo, ongezeko lilikuwa asilimia 17 bila Kaepernick yeyote. Faida ya kujadili ni tofauti ya hapo katikati, tena kwa oda za mtandaoni tu, kwa siku chache. Mapato ya robo iliyoishia Novemba 2018 yalipanda asilimia 10, ila robo mwaka ina bidhaa mpya, bei na masoko ya nje ndani yake. Usilibebeshe bango moja ongezeko lote.

Ukitaka kupima kampeni yako mwenyewe, linganisha siku zile zile za mwaka uliopita, tenganisha wateja wapya na wa zamani, na uangalie bidhaa zinazorudishwa. Hesabu ya maoni ya hasira iweke mwisho. Anayechoma kiatu alishakilipia.

Makosa ya kiutendaji hutokea kwenye vitu vidogo. Kwenye Kombe la Dunia la 2014, Adidas ilikuwa na bango la mshambuliaji wa Uruguay, Luis Suárez, pale ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, mdomo wazi, meno nje. Alipomng'ata beki wa Italia, Giorgio Chiellini, tarehe 24 Juni, mashabiki walipanga foleni kupiga picha mkono ukiwa mdomoni mwake, mpaka bango likaondolewa. Tangazo la mtandaoni unalizima kwa dakika. La ukutani linahitaji fundi, ngazi na ruhusa ya mwenye eneo. Hivyo, kabla ya kubandika, andika orodha ya kila mahali picha ilipo na namba ya mtu wa kuishusha. Mkimbiaji wa Afrika Kusini, Oscar Pistorius, alikuwa na tangazo la Nike lililomfananisha na risasi iliyo tayari ndani ya bunduki. Februari 2013 alimpiga risasi na kumuua mpenzi wake. Sentensi za silaha na damu zisipite kwa mhariri hata mwanamichezo awe malaika.

Kisha mkataba. Kifungu cha maadili, kinachomruhusu mdhamini kujitoa mwanamichezo akikosea, kisiposema kinaanza kufanya kazi lini, kwenye tuhuma, mashtaka au hukumu, utabaki unabishana na wakili huku bango likiwaka. Weka pia ngazi ya kusimamisha kabla ya kuvunja. Mcheza tenisi Maria Sharapova alipotangaza Machi 2016 kuwa amekutwa na meldonium, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, Nike ilisimamisha uhusiano badala ya kuukata, na Juni ikasema inaendelea naye. Asiye na ngazi hiyo ana njia mbili tu, kumtetea au kumfukuza, na zote zinahitaji uhakika ambao siku ya kwanza haupo.

Gharama inayosahaulika huja baadaye. Ukishachagua upande, kila uamuzi unaofuata unapimwa kwa upande huo. Julai 2019 Nike iliondoa sokoni kiatu chenye bendera ya zamani ya Marekani yenye nyota 13, ya enzi za utumwa, ikiripotiwa kuwa Kaepernick alikuwa ameilalamikia. Gavana wa Arizona akaagiza Nike inyimwe motisha za kifedha za jimbo kwa kiwanda ilichopanga kujenga mji wa Goodyear.