Kesi ya Muruatetu haikufuta kitanzi

Jamaa za wafungwa hutujia ofisini na swali lile lile: "Si Mahakama ya Juu ilifuta adhabu ya kifo? Mbona ndugu yetu bado yuko ndani?"

Wanachozungumzia ni uamuzi wa kesi ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji akaipinga adhabu hiyo, uliosomwa tarehe 14 Desemba 2017. Adhabu ya kifo ingali katika sheria za Kenya. Kilichoondolewa siku ile ni ulazima wake kwa kosa la mauaji.

Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo, basi. Wakili angesimama aombe mteja wake ahurumiwe: ni kijana, ni kosa lake la kwanza, anajuta. Jaji angeandika yote hayo, kisha atamke kifo, maana sheria haikumpa neno jingine la kutamka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, ingawa mbuzi hapa si jaji bali kifungu chenyewe.

Mahakama ya Juu ilisema kupanga adhabu nako ni sehemu ya kesi, na Ibara ya 25 ya Katiba hairuhusu haki ya kusikilizwa kwa usawa ipunguzwe kwa namna yoyote. Kwa hiyo jaji lazima apime umri wa mshtakiwa, rekodi yake, kama alikiri kosa, kama anaweza kurekebika, na kama aliua kwa sababu ya dhuluma za kijinsia. Hili la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Kabla ya hapo, mke aliyepatikana na hatia ya kumuua mume baada ya miaka ya kipigo alisomewa adhabu moja na muuaji wa kukodiwa.

Ibara ya 163 inazifunga mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu. Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliupeleka uamuzi huo hadi kwenye wizi wa mabavu, kosa la kifungu cha 296(2) ambalo nalo adhabu yake ni kifo. Waliofungwa kwa unajisi, yaani kosa la ngono dhidi ya mtoto, nao wakaushika, wakidai vifungo vya kiwango cha chini, ambacho sheria hairuhusu jaji ashuke chini yake, havifai. Wengine walipunguziwa, wengine wakarudishwa gerezani na barua zao.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: Muruatetu inahusu mauaji chini ya kifungu cha 204 peke yake. Julai 2024 ikarudia msimamo huo katika kesi ya unajisi, ikarejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekishusha hadi 15. Adhabu ya lazima humfunga jaji mikono yote miwili. Ya kiwango cha chini humwekea sakafu tu, juu yake akaamua mwenyewe. Binafsi naona sakafu hiyo wakati mwingine imejengwa juu mno, lakini huo ni mjadala wa Bunge.

Ndiyo maana nikipewa uamuzi wowote huanza na swali la mlalamishi: alipinga kifungu kipi, na aliomba nini? Mahakama hujibu iliyoulizwa.

Aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu hajafungiwa mlango. Maelekezo ya 2021 yanasema anayepinga adhabu ya kosa jingine aanze na kesi yake Mahakama Kuu, ijadiliwe kikamilifu, ndipo ipande Mahakama ya Rufaa ikibidi. Kwa wa mauaji, ombi la kupangiwa adhabu upya hupelekwa Mahakama Kuu, si kwa hakimu. Naye ajue anaenda kusikilizwa, hajaahidiwa kuachiliwa: jaji anaweza kumpa kifo tena, na kabla ya kuamua ni sharti aandike hoja za mwendesha mashtaka na za familia ya marehemu.