Dhambi ya mnadhiri

Kila muhula nikifika kwenye somo la Uyahudi, nawakuta wanafunzi wameshajijibu: mcha Mungu ni yule anayejinyima. Basi nawafungulia Hesabu 6 katika Biblia. Mnadhiri, yaani mtu aliyejiwekea nadhiri kwa Mungu, hanywi divai, hali zabibu mbichi wala kavu, hanyoi nywele. Siku za nadhiri yake zikitimia anapeleka sadaka, na mojawapo ni sadaka ya dhambi. Dhambi gani tena? Darasa kimya.

Katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, Rabi Elazar Hakappar anajibu: alikosa kwa kujinyima divai. Na ikiwa aliyejinyima divai peke yake ni mkosaji, sembuse anayejinyima kila kitu! Wapo marabi waliombishia na kumwita mnadhiri mtakatifu. Ila Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo mwingine wa aina hiyo, inakwenda mbali zaidi: mtu atatolea hesabu kila chakula alichokiona kwa macho yake asikile. Rabi Elazar, mwingine huyu, alikuwa akitunza visenti ili aonje kila aina walau mara moja kwa mwaka.

Hiyo si ruhusa ya ulafi. Nachmanides, rabi aliyeishi Hispania karne ya 13, alionya kwamba mtu anaweza kula nyama iliyo halali na kunywa divai iliyo halali bila kiasi, akawa mchafu huku hajavunja sheria hata moja. Kwangu hilo ndilo onyo kali kuliko yote, maana halimwachii mlafi pa kujificha.

Tatizo lenyewe limo katika Mhubiri 6:7: mtu anafanya kazi yote kwa ajili ya kinywa chake, na bado nafsi haishibi. Kiebrania kinasema nefesh, ndugu wa nafsi yetu iliyotujia kwa njia ya Kiarabu, na zamani neno hilo liliweza pia kumaanisha koo. Midrashi, yaani ufafanuzi wa kale wa marabi juu ya Maandiko, inaleta mfano wa mwanakijiji aliyeoa binti mfalme. Amletee vinono vyote vya dunia, mke haoni kitu; amelelewa ikulu. Nafsi nayo imetoka juu.

Sasa mtu ale vipi? Kwanza asite kidogo. Marabi wanakataza kufaidi chochote cha dunia hii bila kusoma baraka, na baraka zenyewe zinatofautiana. Embe lina baraka ya matunda ya mti. Ndizi haina! Husomewa ile ya mazao ya ardhi, kwa kuwa shina la mgomba likishazaa hufa, halingoji mwaka wa pili. Kwa hiyo kabla ya kumenya ndizi inabidi ukumbuke mgomba. Napenda sana jambo hili, na wanafunzi waliokulia migombani hulielewa kabla sijamaliza kueleza.

Jumamosi usiku, nyota zikitoka, Sabato huagwa kwa havdala: kikombe cha divai, mshumaa wa tambi zilizosukwa, na kijaluba cha viungo vya kunusa, mara nyingi karafuu. Mapokeo yanasema Sabato humjia mtu na roho ya ziada, na saa hiyo inaondoka, ndiyo maana anayebaki hufarijiwa kwa harufu nzuri. Kwa nini harufu? Talmudi inasema ndiyo starehe inayofaidiwa na roho, mwili haupati kitu. Kijaluba kinapita mkono kwa mkono, mtoto akikiganda kuliko wengine, kisha divai inanywewa na mshumaa unazimwa ndani ya matone yaliyobaki.