Si kila kabaila wa Prussia alipinga mageuzi

Ukitajwa ukabaila wa Prussia, ufalme wa Kijerumani, katika karne ya 19, wengi hufikiria mtu wa mashamba makubwa, mkali kwa wakulima, adui wa kila badiliko. Wapo wengi waliokuwa hivyo. Theodor von Schön hakuwa mmoja wao, na ni kumwonea kumtia kapu moja nao.

Alizaliwa 1773, akasoma Königsberg (leo Kaliningrad nchini Urusi) enzi za mwanafalsafa Kant, kisha akaingia serikalini. Alikuwa miongoni mwa walioandaa amri ya tarehe 9 Oktoba 1807 iliyomruhusu mkulima kuoa, kuhama au kujifunza ufundi bila idhini ya bwana wake. Kwa wote uhuru huo ulikamilika Novemba 1810. Hapa pana kosa jingine la kawaida: amri ilitoa uhuru, haikutoa shamba. Kwa sheria ya 1811, mkulima alimwachia bwana theluthi au hata nusu ya ardhi ili iliyobaki iwe mali yake. Wengi wakaishia vibarua.

Tangu 1816 Schön aliongoza jimbo la Prussia Magharibi, akajenga shule za vijijini na kusimamia ukarabati wa ngome ya Marienburg, leo Malbork nchini Polandi. Shule hizo zilikusudiwa pia kuwageuza Wapolandi kuwa Wajerumani. Hilo silifumbii macho.

Mwaka 1840 aliandika waraka akidai baraza la wawakilishi wa nchi nzima. Mfalme Friedrich Wilhelm IV akakataa, na 1842 Schön akaachia madaraka. Alifariki 1856 shambani kwake Arnau, karibu na Königsberg.