"Kusini Hakuna Reli": Tunayoambiwa Sisi wa Treni za Mfano, na Yalivyo

Watu wanaotengeneza treni za mfano, yaani treni ndogo zinazoiga za kweli, Mtwara na Lindi tukikusanywa wote tunaenea kwenye bajaji moja. Jumapili mchana hukutana barazani kwangu, Mikindani, kila mmoja na alichofanya wiki ile: huyu kalehemu nusu mita ya reli, yule kaja na behewa lisilo na paa. Wapita njia huchungulia, hucheka, huacha neno. Nimeyasikia maneno hayo kiasi kwamba najua lipi litatangulia.

"Kusini hakujawahi kuwa na reli. Mnaiga nini?"

Hili ndilo la kwanza siku zote, na wapo wazaliwa wa Nachingwea wanaolisema. Reli ilikuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini, basi ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kupitia Ruo hadi Nachingwea. Mtwara ilifuata baadaye. Bandari yake ya kina kirefu ilifunguliwa 1954, reli ikaungwa mpaka huko, na tawi la kwenda Masasi likaongezwa. Kichekesho ni kwamba mradi wenyewe wa karanga ulishavunjwa 1951. Yaani nyumba ilikamilika bwana harusi keshakimbia. Mzigo haukutosha kuilisha reli, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa.

Wachache wanaokumbuka kwamba ilikuwepo nao wana lao: "Ile reli ya Mjerumani." Kwetu kila kitu cha zamani kilichojengwa kwa chuma au mawe hupewa Mjerumani. Lakini Mjerumani aliyechimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) kilimani Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya 1909 na 1913 aliisafirisha hadi Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa miguu. Reli ya kwenda Nachingwea hakuiona.

Kwa hiyo tunachoiga ni kitu ambacho babu zetu walikipanda. Ugumu wake ni kwamba hakipo tena cha kwenda kukipima, na hapo wazee wanatufaa kuliko kitabu. Mzee mmoja aliitazama stesheni yangu kimya kwa muda, akaniuliza: "Mwanangu, stesheni gani haina muuza maji?" Wiki iliyofuata nikamchonga, na ndoo yake kichwani.

"Reli ile ilikuwa nyembamba, na reli nyembamba ni ya treni dhaifu"

Ni kweli ilikuwa na upana wa mita moja, kama Reli ya Kati ya zamani. TAZARA ina milimita 1,067, na SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina milimita 1,435. Lakini upana si nguvu. Kwenye reli hiyohiyo ya mita moja, kati ya Mombasa na Nairobi, shirika la reli la Afrika Mashariki liliendesha vichwa vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59, vyenye uzito wa tani 250 hivi kila kimoja. Vilikuwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke duniani kwa upana huo, na vilipewa majina ya milima. Kimoja, Mount Gelai, kiko makumbusho ya reli Nairobi, na mlima wenyewe uko Tanzania. Ukipata nafasi nenda ukasimame chini yake, halafu uniambie habari za udhaifu.

Kwetu sisi upana una maana nyingine. Skeli, yaani kiasi ambacho kitu halisi kimepunguzwa, inayopendwa zaidi duniani inaitwa HO: ni 1 kwa 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utaipata SGR ileile. Anayetaka treni ya Dodoma ameshapata, ila anayetaka ya Nachingwea ana njia mbili: abaki kwenye 1 kwa 87 atafute reli ya milimita 12, au atumie reli ya milimita 16.5 iliyozagaa kwa wauza mitumba na ajenge mabehewa makubwa zaidi, ya 1 kwa 60. Mimi nilichagua hiyo ya pili kwa sababu vidole vyangu ni vinene. Mataruma ya urefu wa sentimita tatu nayakata kwenye chelewa za ufagio, zile za upande wa shina. Jamaa yetu alisisitiza mpingo kwa kuwa ndiyo fahari ya wachongaji wa Kimakonde. Akavunja misumeno miwili, na vumbi lake likamkohoza siku tatu. Ule mti ni mgumu mno kwa kazi hii, na vumbi lake ni baya kwa kifua.

"Sharti kila kitu kiwe sawasawa na halisi"

Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa barabara ni kama kilomita 200. Kwa 1 kwa 60 hiyo ni zaidi ya kilomita tatu, na baraza langu lina mita tano. Kila mtengenezaji anafupisha, awe hapa au Hamburg. Unachukua bandari, daraja moja, stesheni moja, mikorosho kumi, na jicho la mtazamaji linajaza lililobaki.

Kisichofupishwa ni mwendo, na ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanafungua umeme mpaka mwisho, treni inakimbia kama panya. Treni ya mizigo iendayo kilomita 40 kwa saa, kwa skeli yangu, inatakiwa itambae sentimita 18 na nusu kwa sekunde. Pima kwa rula na saa. Ikitambaa hivyo hata watoto hunyamaza.

"Ni mchezo wa watoto"

Chuo cha MIT huko Marekani kina klabu ya reli za mfano tangu 1946. Vijana waliokuwa wakifunga nyaya na swichi chini ya meza ile ndio baadhi ya waliokaa mwanzo kwenye kompyuta za chuo hicho, na neno "hack", kwa maana ya ujanja wa kifundi, walilitumia kwenye treni kabla halijaenda kwenye kompyuta. Tuendelee.

"Reli ikichafuka piga msasa, na kokoto chota ufukweni"

Hapa nina uchungu, maana vyote viwili nimevifanya. Treni huchukua umeme kwenye reli kupitia magurudumu, kwa hiyo uchafu mdogo tu unaisimamisha. Msasa huing'arisha siku ileile, ila huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo inashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Tumia kitambaa chenye spiriti kidogo, au kifutio cha penseli. Ukinunua reli za mitumba, zijue kwanza. Za chuma zitaota kutu kwa hewa yetu ya bahari kabla hujazimaliza kuzilaza. Za shaba ya njano hupata weusi usiopitisha umeme vizuri. Zinazofaa ni za nikeli-silva, na jina hilo linadanganya, kwa sababu hiyo silva, yaani fedha, haimo hata chembe: ni shaba nyekundu, nikeli na zinki.

Kokoto za treni ya mfano ni mchanga tu unaomwagwa kati ya mataruma. Lakini mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Tena una chembe nyeusi zinazonaswa na sumaku, na mota ya treni ina sumaku ndani. Unaona inakoelekea. Mota yangu ya kwanza ilikufa hivyo, ikisaga kama kinu. Siku hizi naosha mchanga kwa maji ya mvua, naanika, nachekecha kwa chujio la chai, kisha napitisha sumaku ya spika mbovu niliyoifunga karatasi. Zile chembe nyeusi zinazobaki kwenye karatasi nimeziweka kwenye chupa, niwaoneshe wabishi.

Wengine husema reli hupinda kwa joto la Kusini. Kwa kiasi kidogo sana. Mita moja ya reli, joto likipanda nyuzi kumi, hairefuki hata robo ya milimita. Kinachocheza ni mbao ya chini: masika inavimba, kiangazi inasinyaa. Ipake rangi pande zote mbili, na chini pia.

"Umeme wa relini utaua watoto"

Relini ni volti 12 tu. Cha kuogopa ni ile transfoma ya ukutani ikiwa imefunguliwa au waya wake umechubuka. Umeme ukikatika sisi hutumia betri ya pikipiki, lakini kwa fyuzi, kwa sababu betri ikigusanishwa nyaya inaunguza.

"Usioneshe mpaka iishe"

Hili hatuambiwi na majirani, tunajiambia wenyewe. Nilikuwa na behewa linaloanguka kila likifika njia ya kubadilishia. Kwa aibu nikalificha. Nikaing'oa njia ile nikailaza upya mara tatu, usiku, mwezi mzima. Mwishowe nikalileta Jumapili. Mwenzetu wa Lindi, fundi redio, hata hakuitazama njia. Alilipindua behewa, akapima nafasi kati ya migongo ya magurudumu: milimita 13.9. Inatakiwa iwe kama 14.4.

"Kaka," akasema, "umevunja nyumba mara tatu kumtafuta mwizi uliyempakia mwenyewe."

Akayavuta magurudumu kwa vidole, akapima tena, akaliweka relini. Likapita. Tukalirudisha, likapita tena. Yule wa behewa lisilo na paa akainuka, akalipindua na la kwake.