Mafuta ya Kunukia kwenye Kidonda cha Mnyama: Mnayoniambia na Ninayoyaona

"Lakini daktari, haya mafuta yanaua bakteria, hata maabara wamethibitisha." Juma hili nimeisikia mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshika mguu wa mbwa aliyekatwa na waya. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuoshwa na kuachwa. Lakini ngozi iliyokizunguka ilikuwa imebabuka, nyekundu, inatoa maji, na chumba kizima kinanukia karafuu.

Dhana: Yanaua bakteria, kwa hiyo yanatibu kidonda

Nusu ya kwanza ni kweli, wala sibishi. Yujenoli ya karafuu, timoli na kavakroli, viambato vya mafuta haya ya kunukia yanayotolewa kwenye mimea, hutoboa utando wa seli ya bakteria mpaka vilivyomo ndani vivuje. Tangu miaka ya 1920, huko Australia, mkemia Arthur Penfold alionyesha kuwa mafuta ya Melaleuca alternifolia, yale ambayo chupani huandikwa tea tree, yanaishinda asidi ya kaboliki, dawa ya zamani ya kusafishia, kwa kuua vijidudu. Vizuri. Sasa niulize: yalipimwa wapi?

Kwenye kisahani cha maabara, bakteria wakiwa wametandazwa peupe, bila damu, bila usaha, bila nywele. Kidonda si kisahani. Protini na mafuta yaliyomo kwenye majimaji ya kidonda huidaka dawa kabla haijafika inakotakiwa. Kikiwa cha siku nyingi, bakteria wamejifunika utelezi wao wenyewe, na dawa ya juujuu haiupenyi kirahisi. Yatakayosalia yanapaa hewani, maana ndiyo tabia ya mafuta haya. Ile harufu unayoisikia ni dawa inayoondoka. Tena bakteria aitwaye Pseudomonas, anayejulikana kwa usaha wa kijani, mengi ya mafuta haya huyavumilia hata kisahanini.

Mwenye mnyama akiona hakuna nafuu hufanya nini? Anaongeza. Anamimina kutoka chupani bila kuchanganya na chochote. Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa sababu seli changa zinazojenga nyama mpya nazo zina utando, na yujenoli haina macho ya kuchagua utando wa nani itoboe. Mnyama anaruka kwa maumivu, mwenyewe anafurahi: "Yanawasha, yanafanya kazi!" Hapana. Kinachowasha ni tishu kuungua. Na mnyama anayewashwa hujilamba na kujisugua ukutani, kidonda cha sentimeta mbili kinakuwa cha sentimeta tano.

Kinachosafisha kidonda ni maji mengi. Nitalisema mpaka nistaafu. Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi gramu 9, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai, acha ipoe. Punguza manyoya pembeni, kisha sukuma maji hayo kwa bomba la sindano tena na tena mpaka uchafu uishe. Ukitaka dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini ya 2% sehemu 1 kwa maji sehemu 39, isiyochanganywa na sabuni, na isikaribie macho wala tundu la sikio. Watu huondoka wamenuna nikiwaambia hivi, kwa sababu maji ya chumvi hayana harufu ya dawa.

Dhana: Ni mimea, haiwezi kudhuru

Mwambie paka. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuviondoa mwilini viambato vya namna hii, na isitoshe hulamba kila kinachogusa manyoya yake. Niliwahi kuletewa mmoja aliyepakwa mafuta ya tea tree halisi kwenye jipu la kung'atwa shingoni. Alikuwa baridi ukimshika, anatetemeka, miguu ya nyuma inamsaliti kila akisimama. Dalili hizi kwa kawaida huanza kati ya saa 2 na 12 baada ya kupakwa, na zinaweza kudumu siku tatu. Hayo yakitokea, muoshe kwa sabuni laini ya vyombo, mkaushe, mtie joto, mlete. Usimtapishe. Na jipu? Lilihitaji kutumbuliwa na kuoshwa tu.

Dhana: Mafuta ya mwarobaini ni yaleyale

Siyo. Ya mwarobaini hukamuliwa kwenye mbegu, ni mazito na hayapai. Haya ya kunukia hupatikana zaidi kwa mvuke, na yamekolea mno. Kipimo cha moja usikihamishie kwa jingine.

Dhana: Hayaharibiki

Yanaharibika. Tea tree iliyokaa wazi kwenye mwanga na hewa hubadilika na kuchokoza ngozi kuliko ikiwa mpya. Chupa ya miaka mitatu dirishani, tupa.

Dhana: Basi hayana kazi yoyote

Sijasema hivyo. Baadhi hufukuza nzi, na kidonda chenye nzi kitakuwa na funza muda si mrefu. Kwa ng'ombe au punda, yaliyozimuliwa vizuri ndani ya mafuta mengine na kupakwa kwenye manyoya pembeni ya kidonda, si ndani yake, sina ugomvi nayo. Ila yanapaa, kwa hiyo nzi watarudi baada ya saa chache. Na ukiwakuta funza tayari wamo, usiwamwagie mafuta ukidhani watatoka wenyewe. Wanaweza kuingia ndani zaidi, nami nitawatafuta mmoja mmoja kwa koleo.